William Pynchon, Mfanya Biashara wa Mto Connecticut



Katika masomo ya historia tumezoea kusikia habari za Wapuritani waliohama Uingereza kwenda Amerika kana kwamba wote walikuwa watu wa namna moja: nguo nyeusi, Biblia mkononi, na uso usiocheka. Nataka kuwaeleza habari za mmoja wao, William Pynchon, mtu wa dini kweli kweli na tena mfanya biashara kweli kweli. Maisha yake yalizunguka neno moja ambalo sisi hulisikia kila siku sokoni, yaani bei. Alibishana juu ya bei ya mahindi akatozwa faini. Akabishana juu ya bei ya wokovu wetu, na kitabu chake kikachomwa moto mbele ya watu.

Kwanza yafaa tujue Wapuritani walikuwa nani. Walikuwa Wakristo wa Uingereza waliotaka kulisafisha Kanisa la nchi yao, maana waliona bado limebakiwa na desturi nyingi za Roma. Mfalme Charles wa Kwanza na maaskofu wake hawakupenda kusafishwa. Basi wengi wao, wachungaji na matajiri na maskini, wakaazimia kuvuka bahari. Mwaka 1629 mfalme alitoa hati kwa kampuni iliyoitwa Massachusetts Bay, na jina la Pynchon limo katika hati hiyo. Alikuwa bwana mwenye mali, wa kijiji cha Springfield katika jimbo la Essex, naye alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kanisa pale. Mwaka 1630 akapanda meli pamoja na gavana John Winthrop na watu wengi wengine. Mke wake alifariki katika mwaka ule ule wa kufika. Baadaye alimwoa mjane aitwaye Frances.

Nchi hiyo ya Massachusetts si ngeni kabisa kwetu Afrika Mashariki. Merikani, kile kitambaa kizito ambacho mababu zetu walikivaa na kukifanyia biashara mpaka bara, kililetwa Unguja katika karne ya 19 na meli za mji wa Salem, na Salem uko Massachusetts, si mbali na Boston. Lakini hayo yalikuja miaka 200 baada ya Pynchon, naye hakuuza kitambaa Unguja. Yeye alinunua ngozi.

Ngozi zenyewe zilikuwa za mnyama aitwaye biva. Huyu ni mnyama wa mito ya nchi za baridi, mwenye meno makali ya kuangusha miti, naye huziba vijito kwa miti hiyo na matope hata maji yakatanda kama ziwa. Chini ya manyoya yake marefu yako manyoya mengine mafupi, laini sana, yenye vijino vidogo visivyoonekana kwa macho. Manyoya hayo yakipigwa na kutiwa maji ya moto hushikana yakawa kitu kimoja, kigumu, kisichopitisha mvua upesi. Kwa kitu hicho walitengeneza kofia, na katika Ulaya ya wakati ule mtu mwenye heshima hakutoka nyumbani bila kofia ya biva. Biva wa Ulaya wenyewe walikuwa wamekwisha karibu wote kwa ajili ya kofia hizo. Jambo moja lilinifurahisha nilipolisoma: ngozi kuukuu ilipendwa kuliko mpya. Wenyeji wa Amerika walizivaa ngozi hizo kama majoho wakati wa baridi, manyoya kwa ndani, na kwa kuvaliwa muda mrefu yale manyoya marefu yalipukutika yakabaki yale laini tu. Kwa hiyo mwenye joho alilivaa mpaka likachakaa, kisha akamwuzia Mzungu kwa bei nzuri, na pengine alijiuliza Wazungu hawa wana akili gani.

Pynchon alikaa kwanza Roxbury, karibu na Boston, akawa mtunza hazina wa koloni kuanzia mwaka 1632 mpaka 1634. Lakini biva hazai upesi, tena hahami ovyo; akiwindwa sana mahali humalizika. Ngozi zilipopungua pwani, Pynchon alitazama bara, kwenye mto Connecticut, ambao hutoka kaskazini na kushuka kusini mpaka baharini. Penye maporomoko ya Enfield meli za baharini haziwezi kupita. Waingereza wengine walikuwa wamejenga chini ya maporomoko hayo. Pynchon akaenda juu yake. Kwa hiyo kila mtumbwi uliotoka kaskazini na ngozi ulifika kwake kwanza. Mizigo yake iliyotoka baharini aliishusha chini ya maporomoko, akajenga ghala pale, na mahali hapo panaitwa Warehouse Point mpaka leo. Anayejua biashara ataona kwamba mtu huyu hakuwa mjinga.

Mwezi wa Mei 1636 yeye na wenzake wachache walitia sahihi mapatano ya kuanzisha mji. Waliandika kwamba mji wao uwe na jamaa 40, na hata wakibadili shauri zisizidi 50. Waliandika pia kwamba wataka mchungaji upesi iwezekanavyo. Mali yao ililetwa na meli ya Winthrop iitwayo Blessing of the Bay.

Mahali pale palikuwa na wenyewe. Waliitwa Waagawam, watu wa jamii ambazo vitabu vya zamani viliziita Wahindi Wekundu, nao walilima mahindi, wakavua samaki na kuwinda. Wapuritani waliotangulia walikuwa wamejenga nyumba upande wa magharibi wa mto. Wenyeji wakasema mashamba yao yako upande huo, na ng'ombe wa Wazungu watakula mahindi yao. Basi Pynchon aliiacha nyumba ile, akavuka, akajenga ng'ambo ya mashariki. Hilo lilimpa hasara, maana nchi ya magharibi ilikuwa nzuri zaidi.

Tarehe 15 Julai 1636 wakaandikiana hati. Naomba msomaji aniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu hati hii naiona kuwa ni ya ajabu. Wenyeji 13 walitia alama zao. Wanawake pia wamo miongoni mwa waliotajwa kuwa na haki katika ardhi ile, jambo ambalo huko Uingereza mke wa mtu asingaliliona kwa urahisi. Malipo yalikuwa makoti 18, majembe 18, mashoka 18, visu 18, na wampamu pima 18. Wampamu ni shanga zilizochongwa katika kombe za baharini, nyeupe na za zambarau, zikatungwa katika nyuzi na kuhesabiwa kwa pima, kama wazee wetu walivyopima nguo kwa mkono. Tena hati ikasema kwamba wenyeji watabaki na mashamba yao waliyokwisha kuyalima; wataruhusiwa kuvua samaki, kuwinda paa, kuokota karanga za mwituni na kokwa za miti; na ng'ombe wa Waingereza wakila mahindi yao, Waingereza watalipa. Hata nguruwe wametajwa: wasiachiliwe upande wa magharibi ila katika majira ya kuanguka kokwa za mwaloni.

Ni nani aliyeleta habari ya nguruwe? Hakika si Pynchon. Mtu anunuaye ardhi hafikirii nguruwe wake watamkera nani. Nadhani nasikia hapo sauti ya wale 13, hasa ya wanawake waliolima mahindi yale, wakitoa masharti yao mmoja baada ya mwingine huku mkalimani akifasiri na Pynchon akiandika. Watu waliotoa masharti ya namna hiyo hawakudhani kwamba wanaondoka. Walidhani wanakaribisha jirani mwenye mashoka. Lakini sheria ya Kiingereza ilikuwa na neno jingine kwa tendo lile, nalo lilikuwa kuuza, milele, kwa wanunuzi na warithi wao. Kuna watakaocheka kusikia nchi nzima imetolewa kwa makoti 18. Mimi sicheki. Shoka la chuma kwa mtu aliyekata miti kwa jiwe ni kitu kikubwa. Ila shoka huisha makali, na ardhi iliendelea kuzaa kwa mwingine.

Katika majira ya baridi ya 1637 na 1638 njaa iliingia katika miji ya Waingereza chini ya mto. Mwaka 1637 walikuwa wamepigana vita vikali na kabila la Wapequot, wakawaua wengi, hata wanawake na watoto ndani ya boma lililochomwa moto, na kwa ajili ya vita hivyo mashamba yao wenyewe hayakulimwa vema. Baraza la Connecticut, ambalo wakati ule lilitawala pia mji wa Pynchon, likampa kazi ya kununua mahindi kwa wenyeji kwa bei iliyowekwa na Baraza. Wenyeji wakakataa bei hiyo. Pynchon hakuwashurutisha. Hapo Baraza likamtuma Kapteni John Mason, yule yule aliyeongoza mauaji ya Wapequot, naye akaja na askari. Mason aliona kwamba mwenyeji huelewa vizuri zaidi akionyeshwa upanga pamoja na fedha. Pynchon akasema hapana: ukiwatisha watu wauze, kesho hawatakuja sokoni, au watakuja na silaha. Wakabishana vikali. Mason akaenda juu ya mto mpaka kwa Wapocumtuck, na mahindi yakaja, mitumbwi 50 iliyojaa. Njaa ikapungua.

Baraza likamhukumu Pynchon kwamba hakufanya bidii kwa manufaa ya watu wote, likamtoza faini ya vipimo 40 vya mahindi. Mchungaji mkubwa wa Hartford, Thomas Hooker, alimshutumu pia. Wakasema anataka biashara yote ya mahindi iwe mikononi mwake, ili apange bei apendavyo.

Je, walisema kweli? Nimefikiri sana juu ya swali hili, maana mtetezi wa haki ambaye haki hiyo humletea faida si shahidi mwepesi kuaminiwa. Ni kweli kwamba Pynchon alihitaji urafiki wa wenyeji kwa ngozi zake. Ni kweli pia kwamba watu wa chini ya mto walikuwa na njaa, na mtoto mwenye njaa hangoji soko litulie. Lakini katika jambo lile lile alitakiwa, kwa kuwa alikuwa hakimu, anyakue mtumbwi wa mtu kwa kazi ya kuleta mahindi, akakataa, akaeleza kwamba hakimu akianza kugusa mali za watu bila ridhaa yao udhalimu hautakuwa mbali. Mwenye mtumbwi hakuwa na ngozi za kumwuzia. Tena mwaka 1648 Boston walipomtaka awakamate wenyeji walioshtakiwa kuwaua wenyeji wenzao, alimwandikia gavana kwamba watu hao ni watu huru, wala hawako chini ya sheria ya Waingereza mpaka wenyewe waikubali. Kwa hiyo mimi nahesabu kwamba faida na dhamiri zilikwenda njia moja kwake, lakini dhamiri ilikuwako.

Baada ya hukumu ile mji wake ulijitenga na Connecticut, ukajiweka chini ya Massachusetts, ukaitwa Springfield kwa heshima ya kijiji chake cha Uingereza. Pynchon alikuwa hakimu, mwenye duka, mnunuzi wa ngozi, na mwajiri wa karibu kila mtu. Mwaka 1651 yeye ndiye aliyeandika ushahidi wakati mfyatua matofali Hugh Parsons na mkewe Mary waliposhtakiwa uchawi. Wote wawili wakapelekwa Boston, na mwisho hawakuhukumiwa kwa uchawi, ingawa Mary alipatikana na hatia ya kumwua mtoto wake. Habari hizo ni ndefu, zataka makala yake zenyewe. Mimi naendelea na kitabu.

Usiku, daftari za duka zikiisha kufungwa, Pynchon alisoma theolojia. Alijua Kigiriki na Kiebrania, naye hakuwa mchungaji. Mwaka 1650 kitabu chake kilipigwa chapa London, na jina lake kwa lugha yetu laweza kuwa Bei Yenye Stahili ya Ukombozi Wetu. Wapuritani walifundisha kwamba Kristo msalabani alibeba ghadhabu ya Mungu na mateso ya jehanamu kwa niaba yetu, na kwamba hiyo ndiyo bei iliyolipwa. Pynchon alikataa. Alisema Baba hakumkasirikia Mwana. Bei iliyotukomboa ilikuwa utii wa Kristo, utii kamili, aliojitoa kwa hiari yake mpaka kufa. Tusome tena maneno hayo, kwa hiari yake. Mtu aliyekataa kununua mahindi kwa upanga alikataa pia kuamini kwamba wokovu ulinunuliwa kwa ghadhabu. Pengine nazidisha, na mwalimu wa dini anaweza kunisahihisha, lakini kila nikiyatazama mambo hayo mawili naona ni kichwa kile kile kilichoyafikiri.

Kitabu kilipofika Boston mwezi wa Oktoba 1650, Baraza Kuu halikungoja. Kililaaniwa, na mnyongaji akaamriwa akichome hadharani sokoni. Mchungaji John Norton akapewa kazi ya kuandika jibu. Mwenye kitabu akaitwa. Mwezi wa Mei 1651 alizungumza na wachungaji, akakubali kwamba hakueleza vya kutosha thamani ya mateso ya Kristo, kukana hakukana. Walimpa muda afikiri. Akafikiri kwa namna ya mfanya biashara: akamwandikishia mwanawe John ardhi na mali yake, na mwaka 1652 akapanda meli kurudi Uingereza pamoja na mkewe. Mchungaji wa Springfield, George Moxon, akaondoka pia.

Miaka 22 kabla ya hapo watu wale wale walikimbia Uingereza kwa sababu maaskofu waliwazuia kumwabudu Mungu kama dhamiri zao zilivyowaongoza. Walipopata serikali yao wenyewe, ilikuwa na mnyongaji wa kuchoma vitabu. Na Pynchon, ili aandike apendavyo, ilimbidi arudi alikotoka, maana Uingereza ya wakati huo haikuwa na mfalme wala maaskofu wenye nguvu. Akakaa Wraysbury, kando ya mto Thames, akachapisha vitabu vingine, na mwaka 1655 akamjibu Norton kwa kitabu kikubwa kuliko cha kwanza. Hakuyaacha maoni yake. Alifariki mwaka 1662.

John Pynchon alibaki Springfield na duka. Alikuwa mwerevu kuliko baba yake katika hesabu, lakini kichwa chake hakikusumbuliwa na theolojia. Kati ya mwaka 1652 na 1657 alipeleka Uingereza ngozi za biva karibu 9,000. Hapo mnyama yule akaanza kwisha mtoni kama alivyokwisha pwani. Wenyeji walikuwa wamezoea makoti, mashoka na nguo za dukani, na hawakuwa tena na ngozi za kulipa. John akawakopesha, akaandika. Katika daftari lake limo jina la Umpanchela, mkuu wa watu wa Norwottuck, aliyechukua makoti na mashati na wampamu katika mwaka 1659 na 1660, akiweka ardhi rehani. Deni halikulipwa, ardhi ikachukuliwa. Hapakuwa na upanga, wala kapteni, wala bei ya kulazimishwa. Kila kitu kiliandikwa vizuri na kutiwa alama. Lakini jirani aliyekaribishwa kwa jamaa 40 alikuwa sasa na miji mingi kando ya mto, na ng'ombe na nguruwe wake hawakusoma hati ya baba.

Mwaka 1675 vita vya Metacom vilienea katika nchi ile. Waagawam walikuwa wameishi kwa amani na Springfield karibu miaka 40, na Waingereza walisema hao hawawezi kugeuka. Hata hivyo walichukua mateka kwao kwa tahadhari. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba mwenyeji mmoja aliyekaa kwa jamaa ya Waingereza huko Windsor, jina lake Toto (ndivyo vitabu vinavyoliandika, na Kiswahili hakihusiki), alifichua kwamba mji utashambuliwa asubuhi. Mjumbe akapanda farasi. Watu wakakimbilia katika nyumba zilizoimarishwa. John Pynchon hakuwako. Alikuwa Hadley na askari, na aliporudi alikuta moshi. Nyumba kama 45 katika 60 zilikuwa zimeteketea.

Vita vilipokwisha Waagawam walitawanyika, wengi wakaenda kaskazini na magharibi kukaa na makabila mengine. Upande wa magharibi wa mto, pale ambapo ng'ombe hawakutakiwa kuingia, uko leo mji wa Wamarekani uitwao Agawam. Nyumba ya matofali aliyoijenga John mwaka 1660 haikuungua siku ile. Ilisimama mpaka mwaka 1831, ndipo ikabomolewa.